Ujumbe Mzito wa Valvu Namba Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kila siku ya kazi, karani wa malalamiko katika ofisi ya maji alivua kitambaa cha maua kilichofunika kompyuta yake, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye droo, kisha akawasha mashine na kusubiri. Mashine ilichukua muda wa kutosha mtu kufungua dirisha, kupangusa meza na kuitikia salamu tatu. Ilipokuwa tayari alifungua programu ya barua pepe, akaenda kwenye sanduku la ujumbe unaosubiri kutoka, akaukuta ujumbe uleule wa jana, akautuma. Katikati ya kioo kikatokea kijisanduku cha kijivu:

"Ujumbe haukutumwa. Ujumbe ni mzito mno. Jaribu tena."

Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, nacho kilisema "Jaribu tena". Cha kukataa hakikuwepo. Karani alikibonyeza, kijisanduku kikapotea, kikarudi. Basi akafungua daftari lake la mistari na kuchora kijistari cha siku hiyo. Vijistari vilikuwa vimefika mia mbili na kumi na nne.

Ujumbe wenyewe ulikuwa sentensi moja: "Fungua valvu namba saba." Ulikuwa unakwenda kwa mzee wa valvu, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa ofisi, hatua mia moja na themanini kutoka dirishani kwa karani. Kutoka kitini pake karani alimwona vizuri: mzee mwenye koti la kazi, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya usukani wa chuma, simu ya ofisi mapajani, akisubiri barua pepe. Kila asubuhi walipungiana mikono, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli yake.

Valvu hiyo ilifungwa miaka mitatu nyuma. Bomba lilipasuka, na meneja wa wakati huo alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, funga saba!" Mzee akafunga. Bomba likazibwa siku hiyohiyo kabla ya saa kumi. Lakini kesho yake asubuhi, kabla meneja hajatoa tena kichwa dirishani, ukaingia waraka wa makao makuu: kuanzia siku hiyo valvu hazitafungwa wala kufunguliwa kwa mdomo, kwa simu, wala kwa kikaratasi, ila kwa barua pepe yenye kumbukumbu namba ya amri iliyotangulia. Valvu saba ilikuwa imefungwa kwa mdomo, na kelele ya dirishani haina namba. Kuitafutia namba kelele ile kuliichukua ofisi miaka miwili na ushee, kukiwa na vikao na mihuri, na meneja akabadilishwa katikati. Namba ilipopatikana karani aliandika amri siku hiyohiyo, akaituma, na kijisanduku cha kijivu kikatokea kwa mara ya kwanza.

Mtaa wa valvu saba ulikuwa na nyumba arobaini na moja. Katika nyumba ya kumi na tisa aliishi karani mwenyewe na mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na sita. Karani alichota maji jioni kwenye bomba la sokoni, madumu mawili. Mama yake hakuridhika na hayo. Alisema hajaoga kwa ratiba ya mtu tangu aolewe, wala hataanza uzeeni, na mchana alibeba ndoo yake ndogo akaenda sokoni mwenyewe. Mwezi mmoja kabla aliteleza mbele ya duka la fundi cherehani, akavunjika kifundo cha mkono. Sasa alibeba ndoo kwa mkono uliobaki.

"Wewe si unafanya kazi maji?" mama alimuuliza, kama alivyouliza kila jioni.

"Nafanya kazi malalamiko ya maji, mama."

"Basi lalamika."

"Mimi napokea, mama. Silalamiki."

"Baba yako angekuwa hai angecheka mpaka akohoe," mama alisema, akageuza mkono wake wenye bandeji upande wa taa ili binti yake auone vizuri.

Siku ya kijistari cha mia mbili na kumi na tano, karani alipobonyeza "Jaribu tena", kompyuta ilitoa kijiko kimoja cha maji. Yalitoka nyuma, kwenye tundu la waya wa mtandao, yakateremka mezani yakasimama kwenye pembe ya faili. Karani aliyafuta kwa karatasi na kuweka kisahani. Baada ya wiki moja kisahani hakikutosha, akaweka kikombe. Baada ya wiki mbili mfanya usafi alisimama mlangoni na dekio lake, akatazama sakafu.

"Mama Malalamiko, mashine yako inakojoa."

"Ni maji safi. Onja."

Mfanya usafi alichovya kidole, akaonja. "Yana dawa," alisema. "Ya bomba haya." Akaenda kuleta ndoo.

Ndipo akaitwa fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima ilimwita Zima-Washa kwa sababu ya dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa. Alishuka kutoka ghorofa ya pili na kimkoba chake, akakaa kwenye kiti cha karani, akazima, akawasha. Kijisanduku kikatokea. Akabonyeza, na maji ya jagi moja yakamwagika ndooni.

"Enhe," alisema, akakunja mikono ya shati.

Alifanya kazi kwa utaratibu, na karani aliuheshimu utaratibu wake. Kwanza alituma ujumbe mwingine kwa mzee wa valvu, wa salamu tu. Ukaenda, na ng'ambo ya uwanja mzee akainua simu, akaisoma, akapunga mkono. Fundi akatuma amri ya valvu namba nne, ambayo siku hiyo ilitakiwa kufunguliwa. Ikaenda, na mzee akainuka kuzungusha usukani. Fundi akarudi kwenye ujumbe wa saba. Akaondoa nembo ya ofisi iliyokuwa chini yake. Mzito. Akaondoa jina na cheo cha karani. Mzito. Akafuta "Fungua" akaacha "valvu namba saba", kisha akaacha "saba" peke yake. Mzito. Mwisho akachomoa waya wa mtandao. Maji yakaendelea kutoka kwenye tundu la mashine, na waya ukabaki mkononi mwake mkavu kabisa.

"Tatizo liko upande wenu," alisema. "Mtandao hauhusiki."

Akafungua mahali panapoonyesha ukubwa wa ujumbe. Wote wawili waliinama kusoma.

"Kwa kawaida huandika kilobaiti," Zima-Washa alisema. "Hapa imeandika lita."

Uzito wa ujumbe ulikuwa lita milioni tisa, mia moja themanini na nne elfu. Zima-Washa alitoa kalamu akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akamwomba karani idadi ya nyumba. Nyumba arobaini na moja, lita mia mbili kila nyumba kwa siku, siku elfu moja mia moja na ishirini tangu valvu ifungwe. Ilikuja sawasawa, bila tone kuzidi.

"Hayajaenda popote," alisema. "Yamekaa humu ndani ya amri, yanasubiri pamoja nayo. Na kesho yataongezeka lita elfu nane na mia mbili."

"Yakipungua je?"

"Yakishuka chini ya kikomo, ujumbe utakwenda wenyewe. Programu hii kikomo chake kiliwekwa lita mbili. Ngoja nikupandishie." Akabofya hapa na pale. "Nimefika mwisho wa mamlaka yangu. Lita ishirini. Zaidi ya hapo ni makao makuu, na wao wana uwezo wa kupandisha hata milioni kumi, ni kugusa tu. Jaza fomu ya maombi."

Karani alijaza fomu siku hiyohiyo. Fomu ilikuwa na kifungu kimoja cha lazima, namba ya lalamiko lililo wazi, naye akaandika namba ya lalamiko la mtaa wake, ambayo aliijua kwa kichwa. Kisha akabonyeza "Jaribu tena". Mashine ikatoa lita ishirini kamili, ikajaza dumu mpaka shingoni, ikakata.

Saa ya chakula cha mchana alichukua jagi, akalijaza, akavuka uwanja nalo polepole asimwage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo umekuja kwa miguu?"

"Nimekuletea ujumbe."

Mzee wa valvu alichungulia ndani ya jagi. "Wa saba huo?"

"Wa saba."

Alilipokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni kidogo kabla ya kumeza. "Ndio wenyewe," alisema. "Hayana makosa. Weka mkono hapa." Alimwonyesha bomba nene nyuma ya usukani. Karani akaweka kiganja. Bomba lilikuwa linatetemeka, kama ubavu wa mnyama aliyekimbia akasimama.

"Yapo mlangoni," mzee alisema. "Miaka yote hii nakaa nayo mgongo kwa mgongo."

"Basi fungua, mzee wangu. Mama yangu amevunjika mkono."

"Pole sana. Mwambie nampa pole." Akalirudisha jagi. "Lakini mimi nimebakiza miezi minane nistaafu. Mwenzangu wa kituo cha pili alifungua kwa simu, simu tu, ya mkubwa wake mwenyewe. Yuko wapi leo? Waraka umesema barua pepe. Haukutaja jagi."

"Si umeshausoma?"

"Nimeunywa, binti yangu. Kuunywa na kuupokea si kitu kimoja."

Karani hakubishana naye. Alijua kwamba barua ikifika mzee angezungusha usukani huo kabla simu haijamaliza kulia. Alirudi mezani kwake, akamwaga maji ya jagi kwenye ndoo ya mfanya usafi.

Habari zilifika mtaani jioni hiyo, kwa kuwa karani mwenyewe alizipeleka. Kesho yake saa tatu watu tisa walikuwa nje ya dirisha lake na madumu. Siku ya tatu walikuwa wa mtaa mzima. Zima-Washa alichomeka mpira wa bustani kwenye tundu la mtandao na kuutoa nje kupitia dirishani, na kwa ajili ya barua pepe nyingine akamwekea karani mtandao usio na waya. Watu walijipanga. Karani alibonyeza, dumu likajaa, mtu akasogea. Kila alipobonyeza alitupa jicho kwenye uzito wa ujumbe akauona unashuka kwa ishirini, na moyo ukamwambia kazi imeanza.

Zima-Washa, ambaye hakupenda watu wajidanganye kuhusu mashine, alimjia na bahasha nyingine.

"Dumu moja kwa dakika," alisema. "Saa nane za kazi, bila kula, ni madumu mia nne na themanini. Siku tano, elfu mbili na mia nne. Mtaa nao unaongeza madumu mia nne na kumi kwa siku, na siku zake ni saba. Kila Jumatatu utakuta pengo la madumu mia nne na sabini."

"Nikija na Jumamosi?"

Zima-Washa akaandika. "Hapo utakuwa unapunguza. Madumu kumi kila wiki." Akaandika tena. "Miaka mia nane themanini na mitatu."

Karani akafikiri. "Ni mingi."

"Ni mingi, lakini inapungua."

"Tusubiri makao makuu," karani alisema, akabonyeza.

Meneja alipita kuona kwa nini ukumbi una harufu ya maji. Alikuwa mtu msafi, mwenye tabasamu la kikao. Alitazama foleni, mpira, na dumu linalojaa, akauliza kama maji yamepimwa. Zima-Washa akamwambia yana dawa ya kutosha. Meneja alisema vizuri sana. Ofisi yenyewe, kwa kuwa ilikuwa kwenye laini ya saba, ilikuwa imekaa miaka mitatu ikisafishia vyoo maji ya kubebwa. Mchana huo vyoo vilisafishwa vyote. Jioni gari la meneja likaoshwa, na maua ya mbele ya lango yakanyweshwa kwa mara ya kwanza tangu yapandwe.

"Mama Malalamiko, hongera," meneja alisema. "Umeleta huduma karibu na wananchi."

"Ahsante. Ila bomba la sokoni ndilo lililo karibu nao zaidi, bosi."

"Lakini hili ni letu."

Siku ya Jumatano alimwita ofisini kwake. Mezani palikuwa na taarifa ya robo mwaka, imechapwa vizuri, ikiwa na picha ya foleni.

"Nimewaandikia makao makuu kwamba mtaa wa saba unapata maji," alisema. "Lile lalamiko nimelifunga."

Karani alibaki amesimama. "Bosi, valvu bado imefungwa."

"Valvu ni njia. Watu wanataka valvu au wanataka maji?"

"Wanataka maji nyumbani."

"Mama, wanapata au hawapati?"

"Wanapata, bosi, lakini..."

"Basi. Tusiharibu jambo zuri kwa lakini."

"Nimepeleka ombi la kupandisha kikomo. Linategemea namba ya lalamiko hilo. Ukilifunga, ombi linaanguka. Naomba ulifungue, hata kwa siku mbili tu."

Meneja alimtazama kwa upole, kama mtu anayeombwa kurudisha mvua mawinguni. "Nikilifungua nitakuwa nimesema niliandika uongo. Mimi sijaandika uongo. Wewe mwenyewe ndiye unayebonyeza."

Karani alitoka. Alishuka ngazi mpaka mezani kwake.

Aliandika lalamiko jipya kwa jina lake mwenyewe, mkazi wa nyumba ya kumi na tisa. Programu ikalikataa kwa maneno ya adabu: mtaa uliotajwa unapata maji, rejea taarifa ya robo mwaka. Ijumaa likaja jibu la makao makuu kuhusu kikomo. Walishukuru kwa maombi, wakaeleza kwamba lalamiko lililotajwa limefungwa kwa mafanikio, hivyo hakuna hitaji. Walimtakia kazi njema. Chini ya jibu hilo waliambatanisha waraka mdogo: kwa kuwa kijisanduku cha kijivu sasa ni chanzo rasmi cha huduma, mtu yeyote asikitengeneze.

Zima-Washa aliusoma, akaukunja. "Basi mimi sina kazi tena hapa," alisema. "Ukitaka chochote niite, lakini usiseme ni kwa ajili ya hilo."

Jumatatu uzito ulikuwa umepanda, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa nyuma ya bahasha. Karani alibonyeza tangu saa mbili na dakika kumi. Saa nne hivi alisikia dirishani sauti aliyoijua.

"Karani!"

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya foleni, ndoo ndogo kwenye mkono mzima, kanga amejifunga vizuri kama mtu anayekwenda ofisini.

"Mama! Nani kakwambia uje mpaka huku? Jioni si ningekuletea?"

"Jioni ni yako. Mimi naoga mchana." Akapumua kidogo. "Huku ni mbali kuliko sokoni."

"Ni mbali, mama."

"Lakini wanasema ni maji yetu. Nikasema, basi niyafuate." Aliweka ndoo chini ya mpira. "Nimesimama tangu saa mbili na nusu. Foleni yenu haina hata pa kuweka makalio. Andika."

"Hilo si la maji, mama."

"Unapokea malalamiko au hupokei?"

Watu wa nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Mwandikie mama, usitucheleweshe." Karani akafungua ujumbe mpya, akaandika kwa mtunza ghala kwamba wateja wa dirisha la malalamiko hawana mahali pa kukaa. Alibonyeza tuma, mkono ukiwa umeshajiandaa kwa kijisanduku. Kijisanduku hakikuja. Programu ilisema ujumbe umetumwa.

Kabla ya saa sita wafanyakazi wawili wa ghala walileta benchi la mbao, refu, limepakwa rangi mpya ya buluu. Waliliweka chini ya dirisha, wakalitikisa kuona kama limesimama sawa. Mama wa karani, ambaye alikuwa hajaondoka, alilipapasa kwa mkono wenye bandeji, akakaa, akaweka ndoo yake iliyojaa kati ya miguu. Akamsogelea mwanamke aliyekaa karibu naye.

"Huyo wa dirishani ni mwanangu wa kumzaa," alimwambia. "Usimwone amenyamaza. Ukimweleza tatizo lako, siku hiyohiyo limekwisha."

"Hongera," mwanamke alisema. "Sisi wengine watoto wetu hawana msaada."

Karani aliyasikia yote mawili. Kwenye kioo, uzito wa ujumbe ulisomeka lita milioni tisa na laki moja na ushee. Ng'ambo ya uwanja mzee wa valvu alikuwa ameshika simu mapajani, akitazama upande wake. Karani akampungia mkono. Kisha akauliza kwa sauti nani anafuata, akabonyeza "Jaribu tena".